Kabla hujaiga bidhaa ya mwenzio, ifumue uijue

Katika soko huria bidhaa inayouzika haikai peke yake rafuni. Mfanyabiashara mmoja akileta kitu kinachotoka haraka, mwezi wa pili utakuta karakana tatu zinakitengeneza, na mwezi wa sita bei imeshuka na wateja wameanza kulalamika kuwa "hiki siyo kile cha mwanzo". Wenye mitaji midogo ndio huumia zaidi, kwa sababu huingia wakati faida imeshapungua na sifa ya bidhaa imeshachafuka.

Kuchukua mawazo kwenye bidhaa iliyoko sokoni si dhambi ya biashara. Viwanda vikubwa duniani vimefanya hivyo na vinaendelea kufanya hivyo kila siku. Tofauti iko kwenye namna ya kuchukua. Yupo anayechukua umbo tu, na yupo anayetafuta kwanza sababu ya umbo hilo. Wa kwanza hununua makosa ya mwenzie pamoja na mazuri yake, tena bila kujua lipi ni lipi. Wa pili anaweza kuacha makosa, kubaki na mazuri, na kuongeza lake ambalo mteja atalilipia.

Wiki hii tunaeleza kazi hiyo ya kufumua bidhaa ili kuijua, kwa kutumia mfano ambao karibu kila msomaji anao uani kwake: jiko la mkaa lenye bakuli la udongo.

JIKO LILIVYOFIKA HAPA LILIPO

Kwa miaka mingi jiko la mkaa la Afrika Mashariki lilikuwa la bati tupu. Fundi alikata bati la pipa kuukuu, akalikunja, akatoboa matundu, akaweka mlango wa majivu na vishikio. Lilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kununua, lakini lilikula mkaa. Bati hupitisha joto upesi, kwa hiyo sehemu kubwa ya moto ulioulipia iliishia kwenye kuta za jiko na hewani badala ya kwenda kwenye sufuria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Kenya, chini ya mradi wa nishati wa Wizara ya Nishati uliofadhiliwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, wataalamu walianza kutafuta jiko la kubana mkaa. Hawakukaa mezani kubuni jiko kutoka hewani. Waliangalia wenzao wametengeneza nini, na moja ya bidhaa walizozichunguza ilikuwa jiko la ndoo la Thailand. Jiko hilo ni chungu cha udongo wa kuchoma kilichowekwa ndani ya ndoo ya bati, na katikati ya chungu na bati hushindiliwa majivu ya pumba za mpunga ili kuzuia joto lisitoroke.

Mtu wa kuiga umbo angelitengeneza jiko hilo lilivyo na kulipeleka sokoni. Lakini jiko lililotokea Kenya ni tofauti, na kila tofauti ina sababu yake.

Kwanza, wazo la udongo ndani ya bati lilibaki. Hapo ndipo faida ilipo. Udongo haupitishi joto haraka kama bati, kwa hiyo moto hubaki ndani, mkaa huungua vizuri zaidi na mpishi hahitaji kuongeza mkaa mara kwa mara.

Pili, bakuli la udongo liliwekwa nusu ya juu tu. Mkaa unakaa juu, majivu yanaanguka chini. Sehemu ya majivu haina moto wa kuokoa, kwa hiyo udongo wa huko chini ungeongeza uzito na gharama bila kumsaidia mpishi.

Tatu, bati lilipewa kiuno. Juu limepanuka kubeba bakuli, katikati limebanwa ili bakuli likae lisizame, chini limepanuka tena ili jiko lisimame imara. Anayesonga ugali anajua kwa nini jambo hilo ni la lazima. Jiko linaloyumba wakati mwiko unazunguka ni hatari kwa mpishi na kwa watoto walio karibu.

Nne, kazi iligawanywa kwa mafundi waliokuwepo tayari. Mfinyanzi alifanya bakuli, fundi bati alifanya ganda kwa nyundo na mkasi uleule, na mwingine aliunganisha. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walikuwa miongoni mwa walioipokea kazi hiyo mapema. Hakuna aliyelazimika kuagiza mashine kutoka nje.

Jiko lililotengenezwa vizuri linaweza kupunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na la bati tupu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa kuwa zaidi ya majiko 700,000 ya aina hiyo yalikuwa yakitumika Kenya, na umbo lake lilikuwa limevuka mipaka kuja Tanzania, kwenda Uganda na hata Ethiopia.

WALIOIGA UMBO TU

Sasa tazama upande wa pili. Jiko lilipoanza kutoka haraka, mafundi wengi ambao hawakupata mafunzo waliingia. Hilo lilikuwa na faida yake, kwani ushindani ulishusha bei na jiko likamfikia mtu wa kawaida. Lakini sokoni yaliingia pia majiko yenye sura ileile na roho nyingine.

Kitu cha kwanza kuachwa kilikuwa kile kisichoonekana. Kati ya bakuli na bati katika jiko zuri huwekwa tabaka la saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi ambayo hufumuka yakichomwa na huzuia joto. Tabaka hilo lina kazi mbili. Linazuia joto lisifike kwenye bati, na linashika bakuli lisichezecheze. Chuma na udongo havitanuki kwa kiwango kimoja vikipata moto. Bakuli likiwekwa kavukavu ndani ya bati, baada ya siku chache za kupikia linalegea, linagongana na bati kila jiko linapobebwa, na mwisho linapasuka.

Fundi anayetazama jiko dukani haoni tabaka hilo. Anaona kiuno, miguu mitatu, vyuma vya kuegeshea sufuria na rangi. Anaenda kutengeneza anachokiona. Jambo la pili lisiloonekana ni udongo wenyewe: umechanganywa na nini, umekaushwa kivulini kwa siku ngapi, umechomwa kwa moto wa kiasi gani. Mabakuli mawili yanaweza kufanana kama mapacha, moja likadumu na jingine likapasuka kabla ya mwezi.

Mteja aliyepasukiwa jiko halaumu fundi mmoja. Anasema "haya majiko ya udongo ni ya kupasuka tu", na anarudi kwenye bati tupu. Hapo waliotengeneza vizuri na waliotengeneza vibaya wote wamepoteza mteja. Wahenga walisema rahisi ghali, na katika bidhaa za kuiga ughali huo hulipwa na soko zima.

HESABU YA KARAKANA

Tuweke jambo hili katika shilingi. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, kila msomaji aweke zake.

Chukua karakana inayotengeneza majiko 200. Kila jiko linagharimu shilingi 8,000 na linauzwa kwa jumla shilingi 10,000. Faida kwenye karatasi ni shilingi 400,000. Lakini mwenye karakana ameahidi kubadilisha jiko likipasuka ndani ya miezi mitatu, na majiko 30 yanarudi. Kuyabadilisha kunagharimu shilingi 240,000. Mfukoni zinabaki 160,000.

Mwenzake amefumua jiko zuri akaona lile tabaka la ndani. Anaongeza shilingi 500 kwa kila jiko kwa ajili ya tabaka hilo na udongo bora, kwa hiyo gharama yake ni 8,500 na bei yake ni ileile. Faida kwenye karatasi inashuka hadi 300,000. Lakini yanarudi majiko 6 tu, yanayomgharimu shilingi 51,000. Mfukoni zinabaki 249,000, na wenye maduka wanampigia simu kutaka mzigo mwingine.

Kwa upande wa mteja nako kuna hesabu. Familia inayotumia mkaa wa shilingi 1,500 kwa siku ikiokoa theluthi moja, inaokoa shilingi 500. Jiko la shilingi 12,000 linajilipa kwa siku 24. Muuzaji anayeweza kumwonyesha mteja hesabu hiyo hana haja ya kushusha bei. Lakini jiko likipasuka siku ya 20, hesabu yote imeharibika.

TOYOTA ILIANZA KWA KUFUMUA

Msomaji asidhani kuwa njia hii ni ya karakana za bati peke yake. Magari yanayojaa katika barabara zetu yana historia inayofanana na hiyo.

Mwaka 1933 Kiichiro Toyoda alianzisha idara ya magari ndani ya kiwanda cha familia kilichokuwa kikitengeneza mashine za kufumia nguo. Yeye na mafundi wake walinunua gari la Chevrolet la mwaka huo, wakalifungua kipande kwa kipande, wakapima na kuchora kila kitu. Injini yao ya kwanza, Aina A, iliyokamilika mwaka 1934, ilifuata ile ya Chevrolet. Ilipoonekana nguvu yake haitoshi walirekebisha kichwa cha silinda hadi ikatosheleza.

Hawakuchukua kila kitu mahali pamoja. Katika lori lao la kwanza, G1 la mwaka 1935, fremu na ekseli zilifuata mfano wa Ford. Gari dogo la AA la mwaka 1936 lilifuata sura ya magari ya kundi la Chrysler yaliyoitwa Airflow. Kila sehemu ilichukuliwa pale ilipoonekana kuwafaa.

Kwa mfanyabiashara lipo funzo kubwa zaidi hapo. Kampuni za Ford na General Motors zilikuwa zikiunganisha magari Japani tangu miaka ya 1920, kwa hiyo vipuri vyao vilikuwa madukani tayari. Toyoda alipofuata vipimo vyao, mteja wa gari jipya lisilojulikana hakulazimika kuhofia vipuri. Kufanana kulikuwa kunamsaidia mteja, na hapo walifanana kwa makusudi.

Lori la G1 hata hivyo liliharibika mara nyingi barabarani. Kampuni ililitengeneza kwa gharama zake na kurudisha kila hitilafu kiwandani ili kipande husika kibadilishwe. Kufungua gari la mwenzao kuliwafikisha mlangoni. Kilichowaingiza ndani ni kufuatilia bidhaa yao wenyewe baada ya kuiuza.

JINSI YA KUFUMUA BIDHAA

Iwe ni jiko, mashine ya kukamua alizeti, toroli, kiti au kufuli, hatua ni zilezile.

Kwanza, nunua mbili. Moja itumike kama mteja anavyoitumia, kwa wiki kadhaa, na mtu aandike daftarini kila kinacholegea, kinachopinda, kinachochosha mkono. Nyingine ni ya kufungua. Ukifungua kabla ya kutumia, utajua vipande bila kujua kazi yake.

Pili, ipime ikiwa nzima. Uzito, urefu, upana, unene wa bati, idadi na ukubwa wa matundu. Piga picha kila upande. Vipimo vya kukisia kwa jicho ndivyo vinavyoleta bidhaa "inayofanana" ambayo mfuniko wake haufungi.

Tatu, ifungue kwa mpangilio. Weka kila kipande kwenye turubai kwa kufuata zamu kilivyotoka na ukipe namba. Angalia kimeungwaje: kwa skrubu, ribiti, kuchomelea au gundi. Kwa jiko, kata moja kutoka juu hadi chini uone tumbo lake.

Nne, kwa kila kipande jiulize: kwa nini kiko hivi? Majibu huwa ni manne tu. Kipo kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya urahisi wa kutengeneza, kwa ajili ya gharama, au ni mazoea ya aliyekibuni. Ukishindwa kupata jibu, usikiondoe wala usikipunguze hadi ujaribu bidhaa bila hicho kipande. Kipande kisichojulikana kazi yake ndicho kinachowaponza wengi.

Tano, nenda kwa fundi wa matengenezo. Huyo anajua kuliko muuzaji. Muulize bidhaa hii huja kwake na ugonjwa gani, na baada ya muda gani. Sehemu inayoharibika mara kwa mara ndiyo nafasi yako ya kuboresha, na ndiyo sababu ambayo mteja atakubali kubadilisha chapa.

Sita, fungua bidhaa ya mshindani wa pili na wa tatu. Pale wote watatu wamefanya namna moja, mara nyingi kuna sababu ya msingi. Pale wametofautiana, jambo bado halijatulia na wewe una nafasi.

Saba, tengeneza sampuli chache, zitumie hadi zivunjike, kisha rudi kwenye daftari. Usichome mabakuli 500 kwa sababu mabakuli mawili yametoka salama.

Asiye na vipimo wala vifaa anaweza kutafuta msaada SIDO, ambayo ina ofisi mikoani, au TEMDO mjini Arusha, ambayo kazi yake ni usanifu wa mitambo.

MPAKA WA SHERIA

Kujifunza kutokana na bidhaa uliyoinunua ni jambo moja, kuuza haki ya mtu mwingine ni jambo jingine. Wafanyabiashara wanatakiwa kujua mambo matatu.

Nembo na jina la biashara haviguswi. Ukitengeneza kufuli zuri na kuligonga jina la kampuni nyingine, hujaiga usanifu, umetengeneza bidhaa bandia, na mzigo wako unaweza kukamatwa na kuteketezwa.

Hataza hulinda uvumbuzi kwa muda, tena katika nchi ilikosajiliwa. Kenya, kwa mfano, sheria ya mwaka 2001 inatoa miaka 20 kwa hataza. Muda ukiisha, uvumbuzi ni wa wote. Kuna pia ulinzi wa sura ya bidhaa, ambao husajiliwa peke yake. Kabla ya kumwaga mtaji, uliza: Tanzania Bara ni BRELA, Kenya ni KIPI, na kwa usajili wa nchi kadhaa za Afrika ni ARIPO yenye makao makuu Harare.

Hati za hataza zenyewe ni shule. Mvumbuzi hulazimika kueleza uvumbuzi wake kwa maandishi na michoro, na mtu yeyote anaruhusiwa kusoma. Ambaye hataza yake imekwisha muda amekuachia somo bila ada.

Jiko la udongo halikufungwa na hataza, ndiyo maana lilienea haraka hivyo. Lakini msomaji asichukulie kuwa kila kilichoko sokoni kiko huru kama hilo.

KWA ANAYETOA MTAJI

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawashiki nyundo. Wanatoa fedha kwa fundi na kugawana faida. Kwao pia kufumua kuna maana, kwani ndiko kunakotenganisha fundi wa kuaminika na wa kubahatisha.

Fundi akikuletea sampuli na kusema "hii ni sawasawa na ile ya Kariakoo", usimuulize bei kwanza. Muulize ameifungua ile ya Kariakoo? Ndani alikuta nini? Yeye amebadilisha nini, na kwa nini? Ngapi kati ya alizozijaribu zimeharibika, na zimeharibikia wapi? Mwenye majibu amefanya kazi. Anayejibu kuwa "zote ni zilezile tu" anakuomba ulipie masomo yake.

Uliza pia bidhaa yenyewe ina miaka mingapi mbele yake. Katika jiko la mkaa swali hilo ni la leo. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Mkaa bado unauzwa, lakini anayeweka mtaji wake wote kwenye bidhaa ya mkaa aangalie upepo unaelekea wapi. Karakana iliyojifunza kwa nini joto hutoroka na namna ya kulizuia inaweza kuhamisha ujuzi huo kwenye jiko la aina nyingine, kwenye tanuru la mikate au kwenye kikapu cha kutunzia chakula moto. Karakana iliyojifunza kukunja kiuno cha bati peke yake itabaki na kiuno chake.

Kwa hiyo ushauri wa wiki hii ni mdogo na gharama yake ni ndogo. Kabla ya kununua malighafi ya bidhaa mia moja, nunua bidhaa mbili zilizokamilika za yule anayeongoza soko. Moja uipe mpishi, nyingine uipe msumeno.